Mwenyeji Aliyeuliza Njia

Palikuwa na Fuko aliyemaliza shahada ya kwanza katika Chuo cha Mashimo, akabaki papo hapo kusoma uzamili. Kila kona aliijua kwa harufu, lakini roho haikutulia: asubuhi alifunga mzigo ahame, jioni akaufungua.

"Kila mmoja aniletee shimo ambalo halimo kwenye ramani," Mwalimu Kakakuona aliwaagiza wanafunzi wake.

Fuko akacheka kimoyomoyo. Nani wa kumshinda mwenyeji? Alizunguka wiki nzima, akarudi mikono mitupu. Nguchiro, aliyekuja juzi tu kutoka chuo cha mbali, ndiye aliyetokea na vumbi hadi kwenye kope: amegundua ukumbi mzima!

"Umeuonaje, dada?" Fuko alimuuliza.

"Nilikuwa natafuta maktaba, nikapotea. Kwani wewe hujawahi kupotea humu?"

Siku hiyo Fuko alifunga mzigo, akatoka kweli. Wenzake wakasema kahama. Asubuhi iliyofuata hodi ikasikika kwenye mlango wa nyuma wa chuo, na Nungunungu, bawabu aliyemjua miaka minne, akafungua.

"Shikamoo, mzee," alisema Fuko, mzigo begani. "Mimi ni mgeni hapa. Maktaba iko upande gani?"