Daktari wa Mkopo

Mwanafunzi alipofika kutoka chuoni, mwenye nyumba alikuwa keshaanza kushusha mapazia. Vitanda vilikuwa nje. Masufuria yalirundikwa juu ya godoro, na mtoto mdogo alikuwa amepitiwa na usingizi juu ya furushi la nguo.

"Mkopo umechelewa tu," mwanafunzi alisema. "Ukiingia, nakulipa wewe kwanza."

"Hiyo nimeisikia tangu mvua zianze," mwenye nyumba alijibu bila ukali. "Nakuheshimu, Daktari. Lakini na mimi nina watu wangu."

Ulikuwa mkopo wa masomo ya udaktari wa meno, na ulipangwa umtunze mtu mmoja: vitabu vyake, vifaa vyake, chakula chake. Nyumbani humo uliwalisha wanne. Ulinunua maziwa na sare za shule, ukalipa kodi, umeme na maji. Siku ukikatika, basi tena.

Mama watoto hakuwa akilia. Alisimama uani, nyuma ya nyumba, mikono kaikunja kifuani, akitazama tuta lake la mboga.

"Tafuta pengine pa kukopa," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa hatuhami."

"Nimeshazunguka kote."

"Kazunguke tena. Unajua kwa nini."

Alijua. Miaka miwili nyuma waliwahi kupata nyumba ya nusu bei, karibu kabisa na chuo, na mama watoto akakataa hata kwenda kuiona. Majirani walisema ana maringo ya mke wa daktari.

Jioni walihamia chumba na sebule upande wa pili wa mji. Mwanafunzi alitandika godoro lake sebuleni kati ya vitabu, kama siku zote. Mama na watoto walilala chumbani. Binti mkubwa alipotaka kalamu, alimvuta mkono wa shati. Hakuwa na jina la kumwita. Mama yake naye alimwita Daktari, hata walipokuwa wawili tu. Jina lenyewe alilitaja mbele ya wageni tu.

Chuoni kila mtu aliijua habari yake: homa kali mwishoni mwa mwaka wa pili, kisha mwaka mzima nyumbani. Aliporudi, mkopo ukafunguliwa tena. Walimu walisema amekonda, amekuwa mpole, na yale ya miaka ya kwanza yamemtoka kichwani. Darasa jipya halikumjua. Alisoma kama mtu anayefukuzwa, akawafikia wenzake, akawapita baadhi yao.

"Umebaki muhula mmoja," mama watoto alimwambia akipanga vyombo. "Utapata kazi, tutaondoka mji huu."

"Na pale tulipotoka?"

"Atakayeingia atapanda mboga, kama mimi," alisema, akaipangua sahani aliyokwisha kuipanga.

Mkopo uliingia juma lililofuata. Mwanafunzi alikwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba, akamwahidi kodi ya mwaka mzima, na zaidi ya ile ya zamani.

Mwenye nyumba akacheka. "Umechelewa, mwanangu. Mpangaji mpya keshaingia, tena ni mtu wa mambo yake. Anataka choo cha ndani. Mafundi wanaanza kuchimba shimo huko nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma ni nyuma. Kwani ulisahau kitu?"

Mwanafunzi alisema hapana. Alirudi kwa miguu, na nyumbani alimficha mama watoto habari ya shimo. Alimkabidhi fedha za matumizi, akafungua kitabu, na ukurasa ule ule ukabaki wazi mpaka chakula kikapoa.

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja mwalimu wao, mama mmoja aliyefundisha meno tangu chuo kilipokuwa na jengo moja, aliingia maabara akifuatana na askari kanzu. Juu ya meza alitandaza kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa akaweka taya la mtu.

"Sogeeni," alisema. "Hili limefukuliwa kwenye shimo la choo, na polisi hawajui ni la nani. Waliponiletea nilitazama gego hili la mwisho. Limezibwa hapa kwetu, tena kwa mkono wa mwanafunzi. Oneni dawa ilivyofurika ukingoni."

Wachache walicheka. Kila mmoja wao aliwahi kuziba jino la mwenzake vibaya.

"Na kila anayeingia hapa, mwaka wa kwanza tunachukua umbo la meno yake kwa plasta," mwalimu aliendelea. "Jana nimepekua kabati zima."

Mwanafunzi alitazama mlango. Askari kanzu alikuwa ameuegemea, mikono mifukoni, kama mtu asiye na haraka.

Mwalimu alitoa umbo la plasta kwenye mfuko wa koti lake, akalilinganisha na taya, jino kwa jino. Lile lililopinda mbele lilikuwa limepinda vile vile. Hakuna aliyecheka tena.

"Kwa hiyo ni mwenzetu," msichana mmoja alinong'ona. "Mbona hatukusikia msiba?"

Mwalimu aligeuza plasta, akasoma taratibu jina lililoandikwa chini yake. Darasa zima likageuka kumtazama mwanafunzi, kwa kuwa ndilo jina alilokuwa akiliitikia kila asubuhi.