Madoa Mekundu

"Hesabu tena," alisema mkuu wa msafara. "Usiache hata mmoja, mwanangu."

Mtaalamu wa viumbe nusura aanguke kitini. Katika meli tatu alizowahi kufanyia kazi, wakubwa walimbembeleza apunguze idadi ya viumbe. Huyu anataka iongezeke!

Wiki ya sita sasa alikuwa amejifungia katika chumba kisicho na dirisha, akikodolea macho picha za sakafu ya bahari, kilomita nne chini ya meli. Aliona sponji, matumbawe membamba kama uzi, na pweza mmoja mweupe aliyeyalalia mayai yake. Wote waling'ang'ania mawe meusi yenye madini. Kwenye tope tupu hapakuwa na kitu. Kila alipowakuta wengi, alitia doa jekundu kwenye ramani. Penye doa, mtambo wa kuchimba usikanyage. Ndivyo alivyoahidiwa.

"Wamekupenda, Bibi Konokono," dereva wa mtambo alimtania wakinywa chai. "Safari hii hata mtaalamu wa madini hawakumleta. Kitanda chake umepewa wewe."

Alicheka, na moyoni alifurahi kweli. Hatimaye amepata watu wenye utu.

Jambo moja tu lilimtia wasiwasi. Kila siku mkuu alikuja kuitazama ramani, akipitisha kidole juu ya madoa polepole, akitabasamu peke yake. Hakuwahi kuuliza jina la kiumbe hata mmoja.

Siku ya mwisho mtaalamu alimkabidhi mkuu ramani yenye madoa kumi na manane. Macho yalimuuma, mgongo ulikuwa umekufa ganzi.

"Hili hapa lisiguswe kabisa, mzee, nakuomba," alisema. "Kuna mama na mayai yake. Akiondolewa, hana pa kwenda."

"Nimekuelewa, mwanangu." Mkuu alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaushikilia kwa muda mrefu mno. "Hujui umetusaidia kiasi gani."

Wakaongozana hadi chumba ambamo dereva aliuongoza mtambo kwa mbali. Mkuu akaibandika ramani juu ya usukani, akailainisha kwa kiganja. Huko nje winchi ilikuwa imeanza kunguruma, na mtambo ulikuwa ukizama taratibu na minyororo yake.

"Niupeleke wapi, mkuu?" dereva aliuliza.

"Kwenye madoa. Huko ndiko mawe yamejaa. Anzia kwa pweza."