Wageni wa Chumba cha Watoto

Mtoto alikuwa amelia tangu getini, na sasa alikuwa akimvuta Mama Bonge kitambaa cha kichwa kana kwamba anataka kuking'oa pamoja na kichwa chenyewe.

"Nyamaza, baba," alimbembeleza, akimrusharusha mgongoni. "Leo utacheza mpaka uchoke."

Msimamizi wa laini ya kushona kola kiwandani alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba ambacho hadi juzi kilikuwa stoo ya nyuzi. Rangi ya manjano bado ilinuka. Alimtazama mtoto, akacheka.

"Huyu ndiye Bonge tuliyesikia sifa zake? Mbona kama njiti ya kiberiti?"

"Aliumwa, bosi."

"Mlishe, mama. Wageni wasije wakadhani hatuwalipi."

Kiwanda kizima kilikuwa roho juu. Mashati waliyoshona yalipakiwa kwenye makontena kwenda ng'ambo, na wanunuzi wa huko walikuwa wametuma watu wao kuhakikisha kwamba akina mama wanaoshona wana mahali pa kuacha watoto. Mwekezaji alishasema wazi: pasipokuwa na chumba hicho, oda itahamia nchi nyingine, na mashine zitaifuata. Kwa hiyo jana msimamizi alipita laini kwa laini akitangaza kwamba kila mwenye mtoto mdogo aje naye.

"Na wewe, Mama Bonge, usikose."

Mguu wake ulibaki hewani juu ya kanyagio la cherehani.

"Sitakosa," alijibu.

Ndani kulikuwa na mkeka mpya, viti vidogo na pikipiki ya plastiki. Midoli ilikuwa bado kwenye nailoni zake, na mlezi aliyeletwa kwa siku hiyo moja alishaonywa asiruhusu zichanwe. Mama Bonge alimkalisha mtoto mkekani, akamkunjia mikono ya shati lililompwaya, kisha akafanya jambo lililowashangaza wenzake. Alizunguka chumba chote akigusa kila kitu. Ukuta. Kitasa. Kizuizi kifupi cha mlangoni. Alipofika kwenye sinki, lililowekwa juu ili watoto wasilifikie, alisimama hapo muda mrefu.

"Vipi, unataka kuhamia?" mlezi alimtania.

"Wameweka vizuri," alisema. "Wameweka vizuri sana."

Wageni waliingia kabla ya chakula cha mchana. Mwanamke mmoja mwenye mvi alichuchumaa mbele ya Mama Bonge, mkalimani akainama kati yao. Msimamizi alisogea karibu, tabasamu limemganda usoni.

"Anauliza," mkalimani alisema, "kama chumba hiki kisingekuwepo, mtoto angekaa wapi?"

Msimamizi alikohoa. Mama Bonge hakumtazama.

"Ningemfungia ndani."

"Na nani?"

"Peke yake. Ningemwachia uji na kipande cha mkate. Majirani wote wangekuwa kwenye mihangaiko yao." Alisema polepole, akimpa mkalimani nafasi. "Angelia kwanza. Sauti ikimkauka angenyamaza, aanze kutafuta cha kuchezea. Anapenda maji. Angeiona ndoo niliyoijaza asubuhi ili nikirudi nimwogeshe. Angeshika ukingo, ainame ajitazame. Akatumbukia..."

"Angetumbukia," mkalimani alimsahihisha kwa upole.

"Angetumbukia. Na mimi ningekuwa hapa hapa, nashona kola, tumeambiwa hakuna kutoka mpaka kontena lijae."

Yule mwanamke alijishika mdomo. Macho yalimjaa maji. Alisema maneno machache, na mkalimani mwenyewe alihitaji kupumua kabla ya kuyatafsiri.

"Anasema anashukuru mno kwamba mtoto wako yuko salama. Anaomba awapige picha."

Picha ilipigwa. Mgeni alimbusu mtoto utosini, akamkumbatia Mama Bonge kwa nguvu, kama ndugu waliopoteana. Walipokuwa wakitoka, msimamizi alibaki nyuma kidogo.

"Mama, umetuokoa," alinong'ona. "Ulijuaje kusema vile? Hata mimi nusura nilie."

Oda ilibaki. Kabla ya king'ora cha jioni, midoli ilikuwa imerudishwa dukani, mlezi kaaga, na maboksi ya nyuzi yamepangwa upya hadi darini.

Mama Bonge alitembea hadi nyumbani, mtoto amelala fofofo begani. Hakuingia kwake. Alipita mlango wake, akagonga wa pili. Jirani yake, muuza nyanya, ndiyo kwanza alikuwa ametoka sokoni.

"Shoga, amekusumbua?"

"Asubuhi tu, alikulilia. Baadaye alitulia." Mama Bonge alimkabidhi taratibu, asije akaamka. "Asante kwa kuniazima."

Jirani alimpokea mwanawe, akamlaza kifuani.

"Na Bonge wako, Mungu amrehemu... uliwaambia yaliyompata?"

"Niliwaambia yote," alisema Mama Bonge. "Walidhani natoa mfano."