Fidia ya Atupele

Muuguzi akihamishwa kituo hakuwa akilipwa fidia ya fedha. Badala yake, alitaja mtu mmoja, na mtu huyo akaletwa kuishi karibu naye. Atupele, aliyehamishwa kutoka Tukuyu hadi Kibondo, alimtaja jirani yake Subilaga bila hata kufikiri.

Gari la serikali lilipomshusha Subilaga mlangoni, walikumbatiana wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Kisha wakala ndizi za nyama, huku wakiwasengenya majirani wote waliobaki nyumbani.

“Na shemeji umemwachia nani?” Atupele akamtania.

“Nimwachie nani tena, dada? Walimchukua juzi, wakampeleka Mtwara,” Subilaga alisema, bado akitabasamu. “Kuna muuguzi mwenzako huko aliyemtaja.”

Atupele akachukua upawa, akamwongezea nyama.