Kengele Iliyopinduliwa

Verlina, mke mpya wa Kefa na mgeni mtaani, aliamka alfajiri ya Sikukuu ya Uhuru ili mama mkwe wake, Bi Odesa, ajue kwamba amepata mkwe mchapakazi. Jiko lilikuwa ndiyo kwanza linashika moto aliposikia sauti kutoka chumbani.

"Nani huyo anatuaibisha?"

"Ni mimi, mama. Napika uji."

"Rudi kitandani, binti! Majirani wataona moshi!"

Walikuwa wameshauona. Dirisha la nyumba ya jirani likafunguka, na mzee Ambrosi, shuka bado begani, akapaza sauti: "Odesa! Mkweo anawahi kuchuma pamba ya nani?"

Mtaa mzima ulicheka vitandani. Verlina alitamani ardhi immeze. Bi Odesa akatoka, akamshika mkono, akamlaza ubavuni pake kama mtoto.

"Mabibi zetu walikuwa watumwa; maisha yao yote waliamshwa gizani na kengele ya bwana wao, wakamchumie pamba," alimwambia. "Leo tunalala kwa niaba yao hadi adhuhuri. Basi lala, na usinivute shuka."

Jua lilipofika utosini, watu walikusanyika uwanjani. Kengele ile ile ilikuwa imepinduliwa, mdomo juu, imeegemezwa kwa mawe na kujazwa maji ya ndimu. Kama ilivyo desturi, aliyewahi kuamka ndiye aliyepewa upawa agawe, kama adhabu ya utani. Verlina alipochota, upawa ukagonga ukingo, na kengele ikalia.

Vichwa vyote viligeukia kengele. Kisha Bi Odesa akajinyoosha kitini, akapiga mwayo mrefu, akafumba macho.