Kifuniko cha Rejeta

Kitako cha bastola kilimpata mwenye ovaroli juu ya jicho, akaangukia pipa la oili chafu. Kabla hajasimama, teke likamkuta mbavuni.

"Lifanye litembee," alisema mwenye bastola. "Una robo saa."

Gari lilikuwa limeingia gereji likifuka mvuke kama birika lililosahauliwa jikoni. Magari mengine mawili yaliyokuwemo humo hayakuwa na injini, vinginevyo jambazi yule asingehitaji fundi. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amelala mdogo wake, paja limefungwa mkanda, damu inachuruzika mpaka sakafuni. Ilikuwa risasi ya mlinzi. Daktari wao, yule asiyeuliza maswali, alikuwa mwendo wa saa nzima kutoka hapo.

"Huyu akifa, unamfuata," kaka mtu akasema.

Mwenye ovaroli aliitazama ile damu. Alisema aliwahi kumwona mwanamke akivuja hivyo hivyo kando ya barabara, gari linachemka. Akajibiwa kwa kofi kwamba hakuna aliyemwomba hadithi.

Jambazi alitaka gari lisogezwe juu ya shimo la kufanyia kazi ili litazamwe chini. Mwenye ovaroli akasimama mbele ya boneti, akakataa. Mbao zilizofunika shimo zilikuwa zimeoza, alisema, gari lingezama na mgonjwa ndani. Akapigwa kwa hilo pia, lakini gari likabaki pale pale.

Alifungua droo tatu kabla hajapata tochi.

"Fundi gani huyu hajui vitu vyake viliko?"

Akajibu kwamba bastola inasahaulisha. Mgonjwa akacheka kidogo, kisha akalia.

Mwenye ovaroli akainama kwenye injini. Suruali ya ovaroli ilimwishia katikati ya miundi, na damu ya jicho ilidondokea kola. Akapitisha vidole kwenye mipira ya maji, ilikuwa mikavu, haivuji popote. Feni ilizunguka. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakichovya tena. Oili haikuwa na weupe wa maji, kwa hiyo gasketi ilikuwa nzima. Mpira wa juu ulikuwa wa moto na wa chini wa moto vilevile.

"Maji yanazunguka," alisema kwa sauti ya mwalimu mbele ya darasa. "Kuna mtu atakwambia ni pampu. Utabadilisha pampu, litachemka. Atakwambia ni rejeta. Utabadilisha rejeta, litachemka. Atakuapia kwa jina la mama yake kwamba safari hii limepona."

"Mbona unapiga kelele? Mimi siyo kiziwi."

Kitu kikagonga chini ya zile mbao. Jambazi akageuza bastola.

"Panya," alisema mwenye ovaroli. "Ni wakubwa humu."

Jambazi akazikanyaga mbao kwa kisigino, na kelele ikakoma.

Mwenye ovaroli akaufinya mpira wa juu. Ulikuwa laini. Injini ya moto kiasi kile, mpira ulipaswa kuwa mgumu, presha ilikuwa inatorokea mahali. Akaomba nusu saa rejeta ipoe ili afungue kifuniko. Haraka haraka haina baraka, lakini nani wa kumwambia hivyo mwenye bastola? Jambazi alimkamata shingo, akamwinamisha uso juu ya rejeta.

"Fungua sasa hivi."

Akafungua kwa kiganja kitupu. Ngozi ikabaki kwenye chuma, akalia kama mtoto. Jambazi mwenyewe aliruka nyuma, maana kila mtu anajua rejeta ya moto inavyolipuka. Haikulipuka. Ilitoa pumzi ndogo tu, maji yakabaki yanatokota mdomoni.

"Kingekuwa kizima, sasa hivi nisingekuwa na uso," alisema mwenye ovaroli, machozi yakimtoka. "Springi imelegea, raba imekatika. Hakibani presha. Maji yanachemka mapema, yanamwagikia nje."

"Kifuniko tu?"

"Kifuniko tu," alisema, kwa sauti kubwa zaidi.

Akaingiza mkono mzima ndani ya ovaroli, kwenye mfuko wa suruali yake, akatoa kifuniko kipya. Jambazi akamuuliza kama huwa anatembea navyo mfukoni.

"Hiki nilikileta leo kumwonyesha mtu."

Kikakaa sawasawa, kilikuwa cha gari la aina ileile. Akaongeza maji taratibu, injini ikiunguruma isije ikapasuka, akafunga. Walisubiri wote watatu wakiangalia mshale wa joto. Ulipanda, ukasita, ukashuka katikati, ukatulia.

Jambazi akainua bastola, akaielekeza kwenye paji la uso la aliyemponyea gari.

"Muache, kaka," alisema mgonjwa kwa shida. "Likichemka tena tutarudi kwa nani?"

Hoja ilikuwa na maana. Kitako cha bastola kikashuka shingoni badala ya risasi, na gari likaondoka likinguruma vizuri.

Mwenye ovaroli alilala sakafuni mpaka mlio ulipopotea. Alitamani kwa moyo wote yule mgonjwa afike. Kisha akanyanyuka, akachukua nyundo mezani, akaanza kuondoa mbao za shimo moja baada ya nyingine. Zilikuwa mbao ngumu, hazijaoza hata kidogo.

Chini, mtu mfupi aliyebaki na chupi alikuwa amefungwa mikono kwa mkanda wa feni, tambara mdomoni, macho yamemtoka.

"Umesikia, fundi?" alimuuliza, akishuka ngazi. "Kifuniko tu. Mke wangu angefika hospitali."