Utando wa Chemchemi

Kila alfajiri, kabla waogaji hawajafika, Sikudhani huyasugua mawe ya chemchemi ya maji moto kwa brashi ya waya mpaka ule utando wa rangi ya chungwa utoke, kisha huyamwagia maji baridi ya kisima. Kesho yake huukuta umerudi. Miaka ishirini na miwili sasa, na magoti yameshamwambia basi.

Leo alimkuta binti mmoja mtafiti amechuchumaa pale, kichupa mkononi.

"Shikamoo, mama. Naomba jiwe hili moja uliache."

"Marahaba. Niache uchafu? Msimamizi akiuona, kazi sina."

"Si uchafu, mama. Ni vijidudu, wako hai. Maji haya yanayokuunguza wewe, wao ndiko kwao. Wakipata baridi ndipo wanapodhoofika."

Sikudhani aliitazama ndoo yake. "Kumbe miaka yote hii nagombana na wenye kwao."

"Na hawajahama," binti alisema, akafunga kichupa chake, akaenda zake.

Sikudhani aliyasugua mawe mengine yote. Alipofika kwenye lile moja, sauti ya msimamizi ikasikika getini, ikiuliza kama kumeshasafishwa.

"Bado kidogo!"

Aliinyanyua ndoo ya maji baridi juu ya jiwe. Akasimama hivyo kitambo, huku hatua za msimamizi zikikaribia. Kisha akasogea kando ya lile jiwe, akavua kandambili, akajimwagia maji yote miguuni.